Serikali Inapojificha Nyuma ya Raia



Usiku wa tarehe 31 Agosti, 2021, katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani, madaktari na wauguzi wa zahanati moja ya wanawake walifanya kazi hadi karibu saa sita za usiku. Walikuwa wakishindana na saa. Ikitimu saa sita, sheria mpya ya jimbo hilo ingeanza kutumika, na kazi waliyokuwa wakiifanya, yaani kutoa mimba zilizozidi kiasi cha wiki sita, ingekuwa imekatazwa. Asubuhi yake zahanati hiyo, pamoja na karibu zote za namna yake katika Texas, ilikuwa imeacha kuwapokea wagonjwa wa aina hiyo. Lakini hakuna askari polisi aliyefika mlangoni. Hakuna mwendesha mashtaka aliyeandika hati. Hakuna ofisa wa afya aliyekuja na kufuli mkononi. Wala wasingeweza kuja, maana sheria yenyewe iliwakataza kuja.

Kwa desturi sheria ya nchi hutungwa na Bunge, ikatekelezwa na watumishi wa Serikali, na aliyedhulumiwa nayo akaenda mahakamani kumlalamikia mtumishi anayeitekeleza. Sheria ya Texas, ambayo hutajwa kwa namba yake ya muswada, yaani Muswada wa Seneti Namba 8, iliiondoa ile hatua ya katikati. Ilimwondoa mtumishi wa Serikali na kumweka raia mahali pake. Suala la utoaji mimba lenyewe lina watu wenye imani kali kila upande, na mazungumzo haya hayakusudii kuliamua. Yanayotazamwa hapa ni ule mtambo wa kisheria uliobuniwa, kwa sababu mtambo huo haujui mimba wala haujui chochote kingine. Hufanya kazi dhidi ya jambo lolote utakaloelekezewa.

Gavana Greg Abbott aliitia saini sheria hiyo tarehe 19 Mei, 2021. Inakataza kutoa mimba mara mapigo ya moyo yanapoweza kutambuliwa kwa chombo katika kiumbe kilichomo tumboni. Jambo hilo hutokea mnamo wiki ya sita, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua bado kwamba ni wajawazito. Iliacha nafasi kwa dharura ya kiafya tu. Mwanamke aliyebakwa hakuwekewa nafasi.

Baada ya hapo ndipo sheria inapochukua njia yake ya pekee. Mtu yeyote, isipokuwa mtumishi wa serikali ya jimbo au ya mitaa, anaweza kufungua shauri la madai dhidi ya daktari aliyetoa mimba kinyume cha sheria hiyo, na dhidi ya kila aliyemsaidia, akiwamo aliyelipa gharama au kampuni ya bima iliyozirudisha. Hata aliyekusudia kusaidia anaweza kushtakiwa. Mdai si lazima awe mume, wala mzazi, wala jirani. Si lazima awe amewahi kumwona mgonjwa. Mkazi wa El Paso anaweza kumshtaki daktari wa Houston, umbali wa kiasi cha kilomita 1,200, tena akamwita aje kujibu katika mahakama ya El Paso, na shauri lisihamishwe mpaka pande zote zikubali. Mdai akishinda, mahakama itampa dola zisizopungua 10,000 kwa kila mimba iliyotolewa, pamoja na gharama zake za wakili. Mdaiwa akishinda, atakwenda nyumbani na deni la wakili wake, kwa maana sheria inakataza arudishiwe gharama. Mlango wa kushtaki unabaki wazi kwa muda wa miaka minne.

Ni haki kusema pia yale ambayo sheria hiyo haikuyaruhusu. Mwanamke mwenyewe hawezi kushtakiwa. Mbakaji aliyempa mwanamke mimba hawezi kuwa mdai. Na daktari akishalipa fidia yote kwa mimba fulani, mtu mwingine hawezi kumdai tena kwa mimba hiyohiyo. Kwa hiyo anayewahi ndiye anayepata.

Lakini kifungu kilichowatisha mawakili kuliko hicho cha fedha ni kingine, nacho hakikusemwa sana magazetini. Sheria ilisema kwamba mdaiwa hawezi kujitetea kwa hoja kwamba aliiamini sheria hiyo kuwa ni kinyume cha Katiba. Tena hawezi kujitetea kwa kutegemea hukumu ya mahakama iliyokuwa halali siku aliyofanya kazi, ikiwa hukumu hiyo itatenguliwa baadaye. Maana yake ni hii: mwaka 2021 hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 22 Januari, 1973, iitwayo Roe v. Wade, ilikuwa bado ndiyo sheria ya nchi nzima, na ilimpa mwanamke haki ya kutoa mimba kabla kiumbe hakijaweza kuishi nje ya tumbo. Daktari aliyetenda kwa mujibu wa hukumu hiyo alikuwa anatii sheria kuu ya nchi. Hata hivyo, kama hukumu hiyo ingefutwa ndani ya miaka minne, angeweza kuburutwa mahakamani kwa ajili ya siku aliyokuwa akiitii. Na kweli ilifutwa, tarehe 24 Juni, 2022, kabla hata mwaka haujatimia. Basi asiwalaumu mtu madaktari wa Fort Worth kwa kutazama saa.

Kwa nini watunga sheria wa Texas walijitaabisha hivyo, wakati polisi wanao na magereza wanayo? Jibu limo katika historia ya mashauri. Majimbo mengine, kama Georgia na Ohio mwaka 2019, yalitunga sheria za wiki sita zenye kutekelezwa na Serikali kwa njia ya kawaida, na kila mara mahakama za shirikisho zilizizuia kabla hazijaanza kuuma. Mahakama hizo zilitumia njia iliyofunguliwa mwaka 1908 katika shauri la Ex parte Young, lililotoka Minnesota na lililohusu nauli za reli. Katiba ya Marekani, kwa nyongeza ya kumi na moja iliyoingizwa mwaka 1795, inaeleweka kuwa hailiruhusu jimbo lenyewe kushtakiwa na raia katika mahakama ya shirikisho bila ridhaa yake. Shauri la mwaka 1908 lilipata upenyo: jimbo halishtakiwi, lakini ofisa wake anayekwenda kutekeleza sheria iliyo kinyume cha Katiba anaweza kushtakiwa na kuzuiwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja upenyo huo umekuwa ndio mlango mkuu wa kulinda haki za raia dhidi ya majimbo.

Sasa, kama hakuna ofisa anayetekeleza, nani atashtakiwa? Mtu aliyelitafakari swali hilo mapema ni Jonathan Mitchell, aliyewahi kuwa Wakili Mkuu wa jimbo la Texas katika mashauri ya rufani. Mwaka 2018 aliandika makala katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Virginia, akieleza kwamba mahakama hazina kifutio: hazifuti sheria vitabuni, huwazuia tu watu fulani wasiitekeleze. Hoja hiyo kitaalamu ina ukweli mwingi. Kutokana nayo lilifuata wazo kwamba sheria ikiwekwa mikononi mwa watu wote, basi hakuna mtu maalumu wa kuzuiwa. Wazo hilo lilijaribiwa kwanza katika miji midogo ya Texas, ukiwamo Waskom mwaka 2019, kisha katika mji mkubwa wa Lubbock, ambako wapiga kura waliipitisha kanuni ya namna hiyo tarehe 1 Mei, 2021. Zahanati ya Lubbock ilipokwenda kulalamika, jaji wa shirikisho aliitupilia mbali kesi yake tarehe 1 Juni, kwa kuwa mji haukuwa na mamlaka ya kuitekeleza kanuni hiyo na amri dhidi yake isingeponya kitu. Kwa hiyo jimbo zima lilipofuata, njia ilikwisha kufyekwa.

Zahanati, zikiongozwa na shirika la Whole Woman's Health, ziliwashtaki watu waliokuwa karibu zaidi na utekelezaji: jaji wa Texas ambaye angesikiliza mashauri, karani ambaye angeyapokea, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na maofisa wa leseni za udaktari. Mahakama ya Juu ilikataa kwa kura 5 kwa 4 kuizuia sheria isianze. Ilisikiliza hoja tarehe 1 Novemba, ikatoa hukumu tarehe 10 Desemba, 2021. Jaji Neil Gorsuch, akiwaandikia walio wengi, alisema kwamba jaji si adui wa mtu anayefika mbele yake, na karani hapingani na mtu kwa kugonga mhuri, na kwamba ile hukumu ya mwaka 1908 yenyewe ilikataza kuzizuia mahakama za jimbo. Mwanasheria Mkuu naye alionekana hana la kutekeleza. Maofisa wa leseni peke yao ndio waliobakizwa katika kesi. Nao walitolewa tarehe 11 Machi, 2022, pale Mahakama ya Juu ya Texas ilipoeleza kwamba hata wao hawana mamlaka ya kuitekeleza sheria hiyo, si moja kwa moja wala kwa mzunguko. Hapo kesi ikawa imekwisha, na swali kubwa, kwamba sheria ilikuwa ni kinyume cha Katiba au la, halikupata kujibiwa.

Serikali ya Shirikisho nayo ilijaribu. Ililishtaki jimbo lenyewe, kwani kinga ile haiwi kinga dhidi ya Serikali Kuu. Tarehe 6 Oktoba, 2021, Jaji Robert Pitman wa Austin aliizuia sheria hiyo. Siku mbili baadaye mahakama ya rufani iliisimamisha amri yake. Mahakama ya Juu iliichukua kesi hiyo, kisha siku ileile ya Desemba ikaiondoa bila kuiamua.

Jaji Mkuu John Roberts, ambaye si mtetezi wa utoaji mimba, alikuwa upande wa walioshindwa katika jambo la Mwanasheria Mkuu na makarani. Alisema kwamba shabaha na matokeo ya sheria hiyo ni kuzibatilisha hukumu za Mahakama ya Juu, na kwamba kilichokuwa hatarini si haki hii au ile, bali mamlaka ya Mahakama katika mfumo wa Katiba. Mtu kama huyo akisema hivyo, inafaa kusikilizwa.

Wapo waliosema kwamba ujanja huu ni mpya kabisa. Historia ya Texas yenyewe inawakosoa. Mwaka 1923 jimbo hilo lilitunga sheria kuwakataza Wamarekani Weusi kupiga kura katika uchaguzi wa mchujo wa Chama cha Demokrasi, na wakati huo katika Texas mchujo wa chama hicho ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Uliofuata Novemba ulikuwa ni kukamilisha desturi. Daktari mmoja Mweusi wa El Paso, Lawrence Nixon, alishtaki, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo. Jimbo likaigeuza: likasema sasa Halmashauri Kuu ya chama ndiyo itakayoamua nani apige kura. Dakta Nixon akashtaki tena, akashinda tena mwaka 1932. Basi jimbo likajitoa kabisa, na mkutano mkuu wa chama, kwa azimio lake wenyewe, ukawafungia Weusi mlango. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ikakubali: hicho ni chama cha watu binafsi, si Serikali, na Katiba haimfungi mtu binafsi.

Ilichukua miaka tisa kusahihisha kosa hilo. Mwaka 1944, katika shauri la Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston, lililotetewa na Thurgood Marshall, Mahakama ilikiri kwamba jimbo linapokipa chama kazi ya kuwachagua watawala, basi ubaguzi wa chama ni ubaguzi wa jimbo. Hata hapo haikuwa mwisho. Katika wilaya ya Fort Bend kilikuwako chama cha Wazungu kilichojiita Jaybird, kilichoanzishwa mwaka 1889, ambacho kilifanya kura yake ya faragha kabla ya mchujo, na aliyeshinda huko ndiye aliyeshinda kote. Hakikutumia fedha ya jimbo wala sanduku la jimbo. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ilikikataa hicho nacho. Miaka thelathini, mashauri matano, madaktari wawili. Yote kwa ajili ya kuthibitisha kwamba mkono wa Serikali ukivaa glovu ya mtu binafsi unabaki kuwa mkono wa Serikali.

Anayetaka kuielewa sheria ya mwaka 2021 na atazame alama zilezile. Nani amepanga kiwango cha dola 10,000? Bunge la Texas. Mahakama ya nani itakayosikiliza? Ya Texas. Mdaiwa akikataa kulipa, nani atakwenda kukamata mali yake? Ofisa wa Texas. Raia amepewa jambo moja tu la kufanya, nalo ni kuweka jina lake kwenye hati ya madai ili jina la Serikali lisionekane.

Watetezi wa sheria hiyo wanayo hoja, tena si hoja ya kupuuzwa. Wanasema kumtumia raia kutekeleza sheria ni jambo la kale na la heshima. Mwaka 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Bunge la Marekani liliwaruhusu raia kuwashtaki wafanyabiashara waliokuwa wakiliibia jeshi, nao wakapewa sehemu ya fedha iliyorudishwa. Sheria hiyo ingaliko na imerudisha mali nyingi ya umma. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 iliwategemea sana raia waliofungiwa milango ya hoteli na migahawa waende mahakamani wenyewe. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 inamruhusu mwananchi kukishtaki kiwanda kinachochafua hewa. Kwa nini basi lililo jema kwa hewa liwe baya kwa mimba?

Jibu linahitaji kupambanua. Anayeshtaki kwa ajili ya jeshi lililoibiwa anadai kwa niaba ya Serikali, Serikali ikiwa na haki ya kuingia na kulichukua shauri mikononi mwake. Aliyefukuzwa hotelini kwa ajili ya rangi yake ndiye aliyeumia. Anayekishtaki kiwanda, mahakama za shirikisho humtaka aonyeshe kwamba moshi ule unamfikia. Tena katika mifano yote hiyo Serikali inabaki na uwezo wake wa kutekeleza, na raia ni msaidizi wake. Haikuwahi kusemwa kwamba raia awe peke yake ili Serikali isishikike. Na gharama zikielekezwa upande mmoja, katika sheria zile ni kwa ajili ya kumsaidia mnyonge kumfikia mwenye nguvu. Katika Texas zilielekezwa ili hata mdai mwenye shauri bovu asiwe na la kupoteza, na mdaiwa afilisike kwa kushinda.

Waingereza, ambao sheria zao ndizo zilizowazaa Wamarekani, waliujua ubaya wa njia hiyo kwa karne nyingi. Zilikuwako huko sheria kadha wa kadha zilizomruhusu mtu yeyote kumshtaki aliyevunja sheria na kuchukua faini iwe yake. Zilizaa watu wenye kazi ya kuwachongea wenzao kwa ajili ya fedha. Mwaka 1951 Bunge la Uingereza lilizifuta.

Na katika Texas wenyewe majaji hawakunyamaza. Tarehe 9 Desemba, 2021, Jaji David Peeples, akisikiliza huko Austin, aliamua kwamba namna ya utekelezaji iliyowekwa na sheria hiyo inavunja Katiba ya jimbo: inampa haki ya kushtaki mtu asiyedhurika na lolote, inatoza adhabu bila utaratibu wa haki, na inakabidhi madaraka ya Serikali kwa watu binafsi wasiosimamiwa na mtu. Hakugusa uhalali wa kutoa mimba. Wala hakutoa amri ya zuio, na zahanati zilibaki zimefunga milango.

Aliyetaka kujua mtambo huu ukijaribiwa utatoa nini alikuwa ni daktari wa San Antonio, Alan Braid. Tarehe 18 Septemba, 2021, aliandika katika gazeti la Washington Post kwamba tarehe 6 ya mwezi huo alikuwa ametoa mimba iliyopita kikomo cha sheria, na kwamba alifanya hivyo akijua. Siku chache hazikupita akashtakiwa, na watu wa majimbo ya mbali, Arkansas na Illinois, wasiomjua yeye wala mgonjwa wake. Shauri la yule wa Illinois lilifika mbele ya Jaji Aaron Haas wa San Antonio, naye mwezi Desemba 2022 alilitupilia mbali kwa sababu nyepesi kuieleza: mdai hakudhurika.

Kwa msomaji wa Tanzania neno hilo la kudhurika si geni. Ibara ya 26(2) ya Katiba ya nchi inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuilinda Katiba na sheria za nchi, na katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila la mwaka 1993 Mahakama Kuu iliielewa haki hiyo kwa upana. Mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi ilirekebishwa, na mlalamikaji akatakiwa aape jinsi jambo analolilalamikia lilivyomgusa yeye binafsi. Wanasheria wamebishana juu ya marekebisho hayo, na hapa si mahali pa kumaliza ubishi wao. Lakini tofauti na Texas ionekane: raia wa Ibara ya 26 humwendea mwenye madaraka, hana donge analongojea, na anayemshtaki anaonekana. Raia wa Texas humwendea mwananchi mwenzake, dola 10,000 ziko mezani, na mwenye madaraka hayumo chumbani.

Jambo moja lisipite bila kusemwa. Katika miezi yote hiyo mashauri yaliyofunguliwa kwa sheria hiyo yalikuwa machache mno, ya kuhesabika kwa vidole. Hata hivyo idadi ya mimba zilizotolewa katika zahanati za Texas mwezi Septemba 2021 ilishuka kwa karibu nusu ikilinganishwa na Septemba ya mwaka uliotangulia. Wanawake walisafiri kwenda Oklahoma, New Mexico, Louisiana na kwingineko, wenye nauli kwa uchache wake. Wasio na nauli walibaki. Sheria haikuhitaji mashauri. Ilihitaji tu kila muuguzi na kila karani wa bima amtazame mwenzake na kujiuliza kama ndiye atakayemshtaki. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba Serikali imlishe.

Wapo walioiona hatari hiyo kutoka upande usiotazamiwa. Shirika moja la kutetea haki ya kumiliki bunduki, Firearms Policy Coalition, lilipeleka hoja zake Mahakama ya Juu kuziunga mkono zahanati. Halikuwa na habari na mimba. Lilisema kwamba linaloweza kufanywa kwa haki hii leo litafanywa kwa bunduki kesho. Halikukosea. Mwezi Julai 2022 Gavana Gavin Newsom wa California alitia saini sheria inayomruhusu raia yeyote kuwashtaki wauzaji na watengenezaji wa bunduki za aina fulani na kupata dola zisizopungua 10,000, maneno yake yakiwa yameigwa makusudi kutoka Texas. Mwezi Desemba wa mwaka huo jaji wa shirikisho, Roger Benitez, alikizuia kifungu chake cha gharama za mawakili. Wengi walioishangilia Texas hawakuishangilia California, na wengi walioilaani Texas walicheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Hukumu ya Juni 2022, katika shauri la Dobbs lililotoka Mississippi, iliyarudishia majimbo uwezo wa kukataza kutoa mimba waziwazi. Tarehe 25 Agosti, 2022, Texas ilianza kuitumia sheria nyingine, ya jinai hii, yenye kifungo kinachoweza kufika maisha na faini isiyopungua dola 100,000. Askari na mwendesha mashtaka wakarudi kazini. Kwa hiyo ingeweza kudhaniwa kwamba raia mshtaki amemaliza kazi yake na atapumzishwa. Oklahoma, ambayo ilikuwa imeziiga sheria za Texas mwaka 2022, ilipumzishwa na Mahakama yake ya Juu tarehe 31 Mei, 2023. Idaho ilikuwa imechukua njia ya wastani kidogo: wanaoweza kushtaki ni jamaa wa familia, nao kwa dola 20,000.

Texas haikumpumzisha. Vidonge vya kutoa mimba vilikuwa vikiingia kwa njia ya posta kutoka majimbo yanayoviruhusu, na mwendesha mashtaka wa Texas mkono wake haufiki kwa urahisi huko. Mwezi Septemba 2025 Gavana Abbott alitia saini Muswada wa Bunge Namba 7, ulioanza kutumika tarehe 4 Desemba, 2025. Unaruhusu watu binafsi kuwashtaki wanaotengeneza vidonge hivyo kwa ajili ya Texas, wanaovisambaza na wanaovituma, kwa fidia isiyopungua dola 100,000. Mwanamke anayevimeza hashtakiwi.

Humo ndani kimo kifungu ambacho hakikuwamo mwaka 2021. Mwanamke mwenyewe, mwanamume aliyempa mimba, na jamaa wa karibu wanaweza kuipata fidia yote. Lakini mgeni asiye na uhusiano nao, akishtaki na kushinda, atachukua sehemu moja tu ya kumi, na tisa zilizobaki zitakwenda kwa shirika la hisani. Sehemu moja ya kumi ya dola 100,000 ni dola 10,000.